Kilichoumbwa Kung'ang'ania

Rangi ya mwisho hupakwa kwa ajili ya macho. Praima hupakwa ili ishike. Aliyeitengeneza hakuwa na haja iwe nzuri; alitaka iingie kwenye vinyweleo vya plasta, imeze vumbi lililosahauliwa, izibe madoa ya moshi na ya unyevu, kisha iache juu yake uso ambao rangi itaukubali. Basi tone lake likidondoka pasipostahili, juu ya kigae, kioo cha luva au mlango wa mninga, linaendelea na kazi ileile liliyoumbiwa. Linashika. Anayeitwa kulitoa anakuja kutengua wajibu uliotimizwa vizuri mahali pasipo pake.

Nyumba niliyomtazama fundi wa kazi hiyo akihangaika nayo iko Chumbageni, Tanga. Ni ya zile zilizojengwa enzi mkonge ungali unalipa: dari ya juu, madirisha ya luva, milango ya mninga, na sakafu ya terazo ya kijivu yenye punje za mawe meupe na mekundu. Wenyewe waliikarabati kwa ajili ya harusi ya binti yao. Wapaka rangi walifanya kazi nzuri ukutani na kazi mbaya kila mahali pengine. Magazeti waliyotandaza chini yalichanika mapema, tepu ya karatasi iliisha kabla ya madirisha kuisha, na rola ya praima, ambayo ni nyepesi kuliko rangi na hurusha zaidi, iliacha manyunyu kuanzia vitasa hadi vyungu vya maua barazani.

Vijana waliopaka humwita fundi huyo Shangazi, nami nitamwita hivyo. Ni mama wa makamo, mwembamba, aliyeanza kwa kuchanganya rangi na kuosha brashi za mafundi wengine. Sasa huitwa nyumba inapokuwa imekwisha, mafundi wameshalipwa, na wenye nyumba wamegundua kwamba bado haikaliki. Hana kibao barabarani. Sijui kama kazi yake ina jina maalumu, maana kila aliyenielekeza kwake alisema tu, "yule mama anayetoa matone."

Anafika asubuhi. Kijana mmoja kati ya wapaka rangi ameachwa amsaidie.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Makopo yako wapi?"

Ndilo swali lake la kwanza, kabla ya kutazama hata doa moja. Makopo matupu yako uani, mengine yamekwishageuzwa ya kuchotea maji. Anayageuzageuza asome. Sifa zilizochapwa kwa herufi kubwa hazimshughulishi. Anatafuta mstari mmoja mdogo upande wa nyuma, ule unaoeleza brashi ioshwe kwa kitu gani. Pakiandikwa maji, praima ni ya maji. Pakiandikwa thina au tapentaini, ni ya mafuta. Hapa zimetumika za aina tatu: nyeupe ya maji kwa kuta, ya waridi ya mafuta kwa fremu mpya za mbao, na redoksaidi, ile nyekundu ya chuma, kwa nondo za madirisha.

Mstari huo mdogo ndio unaoamua siku nzima itakwendaje. Praima ya maji ni chembe ndogo mno za akriliki zinazoelea majini pamoja na unga wa rangi. Maji yakikauka, chembe husogeleana, hubanana, kisha huungana zikawa ngozi moja. Ngozi hiyo haiyeyuki tena majini, lakini hulainika kwa joto la maji na huvimba kwa spiriti. Praima ya mafuta ina tabia nyingine. Kimiminiko chake hupaa upesi, na kinachobaki huvuta oksijeni kutoka hewani na kufungamana chenyewe kwa chenyewe, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana thina inayosafisha brashi jioni ileile hailifanyi kitu tone lililotimiza mwezi. Wengi wetu hukwama hapo. Tunamwaga thina, tunaona tone halitikisiki, tunamwaga zaidi, tunasugua, na mwisho tunafaulu kuondoa vanishi, mng'aro wa kigae na ngozi ya vidole, tone likiwa bado lipo.

Kisha anazunguka nyumba nzima na tochi, ingawa ni mchana na madirisha yote yako wazi. Anailaza tochi chini ili mwanga utambae juu ya uso, na kila tone, hata lile lenye rangi moja na kigae, linatoa kivuli chake. Kijana anamfuata na tepu. Wanabandika kipande kidogo kando ya tone, kamwe si juu yake. Hakuna kilichoguswa bado, na saa nzima imepita. Mwenye nyumba alipita mara mbili akiwatazama kwa jicho la mtu anayelipa kwa siku. Shangazi alimsalimu mara zote mbili, akaendelea kuzunguka.

Kuna matone ambayo makopo hayayaelezi, kwa sababu nyumba ya umri huu imepakwa rangi mara nyingi na si kila doa ni la juzi. Hayo anayapima. Kwanza anabonyeza kwa ukucha. Likibonyea na kubaki na alama, ni la maji. Likiwa gumu likakatika vipande, huenda ni la mafuta. Halafu anachovya pamba kwenye spiriti, anaiweka juu ya tone na kuiacha hapo akihesabu polepole kimoyomoyo. Akiinua, tone la maji limekuwa laini, lenye kunata, na pamba imechukua weupe kidogo. La mafuta linabaki vilevile, limelowa tu. Alinionyesha moja nyuma ya mlango wa stoo, la waridi lililopauka, chini ya tabaka la rangi ya zamani. Hilo hakulikwangua wala hakuruhusu msasa ulisogelee. Ulaya praima ya waridi ya mbao ilipata rangi yake kwa risasi nyekundu iliyochanganywa na risasi nyeupe, na rangi nyingi za miaka hiyo, huku na kwingineko, zilikuwa na risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na viwango vinavyopendekezwa kwa rangi mpya leo havizidi sehemu 90 katika milioni. Shangazi hana haja na tarakimu. Ana kanuni: rangi usiyoijua umri wake usiigeuze vumbi. Alililowesha, akalifuta uchafu wake, akaliacha mahali pake lifunikwe na rangi mpya.

Zana zake zinaenea kwenye sinia moja. Nyembe mpya za skrepa, zingali ndani ya karatasi zake. Skrepa ya plastiki yenye ukingo mnyoofu. Kadi ya benki iliyokwisha muda, pembe yake moja imekatwa mshazari. Njiti za mwanzi alizochonga mwenyewe, nyingine bapa, nyingine zenye ncha. Miswaki iliyostaafu. Pamba. Bomba la sindano lisilo na sindano, la kudondoshea spiriti tone kwa tone. Spiriti ya zambarau, thina, kikopo cha mafuta ya linsidi, yale ambayo seremala hupaka mbao, sabuni ya maji, na chupa mbili za chai zilizojaa maji moto. Stilwaya haimo. Matambara yote ni vipande vya shuka jeupe kuukuu, lililofuliwa mpaka halitoi tena nyuzi. Nilimuuliza mbona hatumii kanga, na kila nyumba ina kanga zilizochakaa. Akasema kanga zina maua. "Praima naijua ni nyeupe, haina haja ya kuniambia. Nataka kitambaa kiniambie nikianza kula mbao."

Anaanza na kigae cha jikoni, lakini haanzi kwa kukisugua. Ukuta mzima juu ya sinki umetapakaa manyunyu madogo, mamia, na ni hapo mtu asiye na ujuzi angeanza kuwinda moja moja. Shangazi analowesha vitambaa kwa maji moto yenye sabuni, anavikamua nusu, anavibandika ukutani kimoja baada ya kingine, kisha anavifunika kwa nailoni ili joto lisitoroke. Kazi hiyo anaiita kukanda, neno lilelile tunalotumia kwa mgongo wa mgonjwa. Kijana, aliyekuwa ameshika skrepa tayari, anauliza wanafanya nini sasa. "Tunakwenda dirishani," anajibu. "Maji ya moto hayachomi nyumba, lakini praima yatailainisha, ukiyapa nafasi."

Hapo nilianza kuielewa kazi yake. Kila wakati kuna kitu ndani ya nyumba kinacholainika bila yeye kukigusa. Ukuta wa jikoni unaposubiri, yeye yuko kwenye vioo. Vioo vinapokauka, ameshaweka pamba juu ya tone la kitasa. Kitasa kinapolowana, anarudi jikoni kubadilisha kitambaa kilichopoa. Kusubiri amekusambaza vyumba vyote, kiasi kwamba ukimtazama haraka unaona mtu ambaye hakai. Ukimtazama kwa utulivu unaona kwamba mikono yake hailazimishi chochote.

Vioo vya luva vina fadhila moja, vinachomoka. Anakunjua masikio ya alminiamu yanayovishika, anavitoa kimoja kimoja na kuvilaza juu ya blanketi lililokunjwa mezani. Anaviosha kwanza kwa maji mengi, na hili analifanya kwa bidii kuliko hata kukwangua. Watu huogopa wembe utakwaruza kioo, na kumbe mkwaruzi mkubwa ni mchanga. Katika kipimo cha ugumu alichokiweka Friedrich Mohs mwaka 1812, kioo kipo kati ya 5 na 6, na chembe za mchanga, ambazo nyingi ni kwatsi, ziko kwenye 7. Nyumba iliyotoka kukarabatiwa imejaa vumbi la mchanga na saruji. Chembe moja ikinaswa chini ya wembe, inachora mstari ambao hakuna dawa ya kuufuta.

Kioo kikishakuwa safi anakilowesha tena kwa maji ya sabuni, anafungua wembe mpya, na kuulaza, umeinuka kidogo tu kutoka kwenye kioo. Anasukuma mbele. Anainua. Anarudisha mkono hewani, anasukuma tena. Harudi nyuma na wembe ukiwa juu ya kioo, hata mara moja. Tone linaingia juu ya wembe likiwa zima, la duara, na chini yake kioo kinaonekana hakikuwahi kuguswa. Kioo hakina vinyweleo, kwa hiyo hata redoksaidi, yenye ugumu wote ule, haikupata pa kuotesha mizizi. Masikio ya Shangazi yako kazini pia. Wembe unaokwenda sawa juu ya maji hutoa mnong'ono mmoja usiokatika. Mnong'ono ukigeuka mlio, anasimama, anaongeza maji, anakagua ukingo wa wembe kwenye mwanga. Ukiwa na pengo dogo, unaingia kwenye kopo la nyembe chakavu, hata kama umefanya kazi ya dakika chache. Kijana alisikitikia nyembe hizo. Shangazi akamwambia aende dukani akaulize kioo kimoja ni bei gani, kisha arudi ausikitikie wembe.

Vioo vya chooni ni vile visivyoonyesha, vyenye upande mmoja wa mikunjo. Upande laini unakubali wembe. Upande wa mikunjo haukubali. Huko anatumia spiriti na mswaki, na ni kazi ndefu isiyo na mengi ya kusimulia.

Tunaporudi jikoni vitambaa vimepoa mara moja na kubadilishwa mara moja. Anakibandua cha kwanza, na manyunyu yaliyokuwa magumu asubuhi sasa yamekuwa utando unaojikunja, kama ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemka. Skrepa ya plastiki inayakusanya kwa mkupuo mmoja mrefu kutoka juu kwenda chini. Ukuta wenye mamia ya matone unasafishika kwa muda ambao mtu mwingine angetumia kwa kumi. Uso wa kigae kilichopakwa kioo ni rafiki, anasema. Adui ni mistari katikati yake.

Mistari hiyo ni ya simenti nyeupe, na simenti ina vinyweleo. Hapo ngozi ya praima imetoka lakini kivuli cheupe kimebaki, cheupe kuliko simenti yenyewe iliyozeeka. Weupe wa praima ni unga wa dioksidi ya titaniamu, na unga huo hauyeyuki kwa maji, kwa spiriti, wala kwa thina. Unabebwa tu. Madini ya titaniamu yenyewe yana historia jirani na hapa: mchanga mzito wa Kwale, ng'ambo ya mpaka, kusini mwa Mombasa, ulichimbwa kwa ajili yake kwa zaidi ya miaka kumi hadi 2024. Kwa Shangazi jambo la maana ni moja: kitu kisichoyeyuka ukikisugua na kitambaa kilekile unakihamisha tu kutoka tundu hili kwenda tundu lile. Kwa hiyo anadondosha spiriti kwa bomba la sindano, anasugua kwa mswaki mara chache fupi, kisha anabonyeza kitambaa kikavu juu yake na kukiinua. Hapanguzi. Anabonyeza na kuinua, anageuza kitambaa apate sehemu safi, anabonyeza tena. Kila kipande kina pande nyingi na kila upande unatumika mara moja. Kijana alipendekeza siki. Shangazi akakataa kabla hajamaliza sentensi, kwa kuwa tindikali hula simenti, na sakafu ya terazo nje ya mlango ina punje za marumaru ambazo siki huziacha na baka la ukungu.

Swichi na soketi anazimaliza upesi. Anazima umeme kwenye swichi kuu kwanza, na anaujaribu kwa taa kuhakikisha. Thina na asetoni hazisogei hapo, maana plastiki hulainika na kupoteza mng'aro mara moja. Kadi ya benki, ukucha, spiriti kidogo kwenye pamba iliyokamuliwa, basi. Fremu za alminiamu za dirisha jipya la jikoni zimepakwa rangi ya unga ya kahawia, nazo anazitendea vivyo hivyo.

Milango alikuwa ameichelewesha makusudi, mkono ukishapata joto. Ni mitano, yote ya mninga, ule mti mwekundu wa misitu ya miombo ambao Tabora imesifika nao, na wapaka rangi walikuwa wameipita na rola zao bila kuifunika. Matone ya praima ya maji yamekaa juu ya mbao na kwenye nakshi za pembeni. Chini, karibu na fremu mpya, kuna michirizi ya waridi ya mafuta.

Hagusi tone. Anapanda kwenye stuli na kutafuta ukingo wa juu wa mlango, mahali ambapo hakuna atakayetazama kamwe, na hapo anagusisha pamba yenye spiriti. Pamba inabaki nyeupe. Anahamia mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Nyeupe. Kwenye mlango wa tano, wa chumba cha mbele, pamba inarudi na rangi ya chai, na kidole chake kinanata kwenye mbao. Milango minne ilipakwa vanishi ya kisasa. Huu wa tano bado una polishi ya shelaki ya seremala wa kwanza, na shelaki, ambayo hutokana na utomvu wa mdudu anayefugwa India na Thailand, huyeyuka kwa spiriti hata baada ya miaka mingi. Kwa macho milango yote ilifanana kabisa. Mtu ambaye angejaribu spiriti kwenye mlango wa kwanza, akaridhika na kuendelea, angefika wa tano akafuta tone na polishi ya miaka yote kwa mpanguso mmoja, na spiriti ikifika kwenye mninga mtupu inaweza kuvuta wekundu wa mti wenyewe.

Kwa hiyo kwa mlango wa tano anachukua mafuta ya linsidi. Anapaka kila tone kwa ncha ya njiti iliyofungwa pamba, tone na ukingo wake tu, na kuliacha. Kwa ile minne anakanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, si ya moto, na kwa muda mfupi, kwa sababu joto na maji vikikaa juu ya vanishi vinaacha weupe wa namna nyingine. Kisha kadi ya benki inaingia. Anailaza karibu kabisa na mbao, anatafuta ukingo wa tone ulioinuka, na kusukuma kwa kufuata nyuzi za mti. Tone likikubali, linatoka. Likikataa, anarudisha kitambaa na kwenda kwenye tone lingine. Nilimwona akilirudia tone moja karibu na kitasa mara nyingi, na kila alipolirudia alilisogelea kwa upole uleule wa mara ya kwanza; mkono haukuongeza nguvu hata kidogo. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Sote tuna subira mwanzoni.

Nakshi zinataka njiti za mwanzi. Mwanzi ni mgumu kuliko praima iliyolainika, na ncha ikibutuka anaichonga upya kwa wembe chakavu. Anafuata kila mfereji wa ua, kutoka katikati kwenda nje, akikusanya utando mweupe mwishoni mwa jani na kuunyanyua kwa pamba. Kwenye vinyweleo vya mninga, ambavyo ni virefu na vinaonekana kwa jicho, unga mweupe umejipenyeza. Mswaki laini, kwa kufuata nyuzi. Kitambaa, bonyeza na inua. Vinyweleo vichache havikusafishika. Huko anapitisha nta ya nyuki kwa kidole, akiisugua mpaka ipate joto la ngozi, na weupe unazama. Nta hiyo nayo hutoka sana kwenye miombo, kwa nyuki wanaotundikiwa mizinga mumo humo unamokua mninga.

Michirizi ya waridi ya mafuta haikandiki. Hapo hatafuti kuyeyusha, anatafuta kudhoofisha. Pamba yenye thina kidogo sana inakaa juu ya mchirizi chini ya kipande cha nailoni, madirisha yote yakiwa wazi na jiko likiwa limezimwa, kisha anaondoa tabaka la juu lililovimba, jembamba kuliko karatasi. Anarudia. Tabaka kwa tabaka mchirizi unapungua, na karibu na vanishi anaacha thina kabisa na kumalizia kwa mwanzi mkavu. Kijana, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiuliza, sasa alikuwa kimya na ameshika njiti yake mwenyewe upande wa pili wa mlango.

Bawaba na vitasa vya shaba nyeupe iliyopauka alivitoa kwa bisibisi, baada ya kusafisha mfuo wa kila skrubu ili bisibisi isiteleze. Vikaloweshwa kwenye sufuria isiyopikiwa, maji moto na sabuni, usiku kucha. Asubuhi praima ilivuka vipande vizima.

Jioni hufunga kazi kwa utaratibu uleule. Matambara yenye linsidi anayatandaza moja moja kwenye kamba uani, yasigusane. Mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni, na yakivuta hutoa joto. Tambara lililofinyangwa likatupwa pembeni huweza kujipatia moto lenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Thina iliyotumika haimwagi kwenye bomba la maji machafu. Inatiwa kwenye chupa yenye kifuniko hadi unga utuame, ya juu iliyo safi itumike tena kuoshea, na tope la chini likaushwe juu ya gazeti. Mikono anaipaka mafuta ya nazi kwanza, anaikanda mpaka madoa yalegee, ndipo anaosha kwa sabuni. Thina haijagusa ngozi yake, na ukizitazama kucha zake huwezi kudhani ni za mtu wa kazi hii.

Terazo ilibaki ya siku ya mwisho, kwa sababu kila kilichokwanguliwa juu kilishukia hapo. Ni uso tambarare uliong'arishwa, na matone mengi yalitoka kwa kukandwa na skrepa ya plastiki, yeye akiwa amekaa juu ya mkeka mdogo anaousogeza kadiri anavyokwenda, chumba kwa chumba, kutoka kona ya mbali kuelekea mlangoni. Tone moja la redoksaidi, kwenye kona ya ukumbi wa kulia chakula, lilikuwa limeangukia ufa mwembamba wa zamani na kuzama humo. Alilifanyia kila alichojua. Wekundu ulipungua, ukabaki kama uzi.

Mwenye nyumba alipokuja kukagua, Shangazi alimpeleka hapo kwanza, kabla ya milango na vioo.

"Hilo nikilifuata zaidi, baba, nitakuachia shimo."

Mwenye nyumba aliinama, akapima kwa macho kutoka ukutani, akasema friji litakaa hapohapo. Kisha wakaanza kuzungumza bei ya baraza, na vile vyungu vya maua.